Mwenye Sabuni Ndiye Mwenye Jina

Mimi ni Mbemba wa baba na wa mama, na jina langu ni Mujinga; si tusi, ni jina la watu. Wanaojua majina ya watu hapa Lubumbashi wananikatiza palepale. "Mujinga? Hilo si jina la Kasai?" Ndiyo, la Kasai. "Basi mama yako wa huko?" Hapana, mama yangu Ngosa alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Kilwa ya huku Katanga, na Kasai hakuwahi kuikanyaga. "Sasa baba yako alikupaje jina hilo?" Hapo ndipo ninapocheka. Hakunipa. Alilazimishwa kulitamka mbele ya mtaa mzima, yeye Mwape, kiongozi wa vijana, aliyekuwa anazunguka mtaa wetu wa Katuba akipiga kelele kwamba Wakasai warudi kwao. Na aliyemlazimisha hakuwa askari. Alikuwa mama mmoja mfupi, mguu mmoja umevimba, ambaye alivuta sigara huku upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, kama walivyofanya wamama wa zamani. Jina lake Chileshe. Barabara za mji huu zimepewa majina ya watu ambao sijui walifanya nini, na yeye hakupewa hata kichochoro. Basi mimi nitamsimulia.

Chileshe alikuwa mkunga, na uani kwake palikuwa na mti wa povu. Mbegu alikuja nazo mwenyewe kutoka kwao alipoolewa, amezifunga kwenye pembe ya kitenge. Mti ule unazaa matunda madogo ya kahawia, yenye kunata, na ndani mna mbegu nyeusi ngumu ambayo watoto waliichezea gololi. Ukiyaponda matunda, ukayatia kwenye maji na kuyasugua, povu linapanda jeupe mpaka linamwagika. Mwenye upele aliogeshwa kwa povu hilo, na mwenye mba, na mwenye kidonda kilichokataa kukauka. Wamama walilifulia nguo zao nzuri ambazo sabuni ya duka ingezichakaza. Lakini kazi kubwa ya mti ule ilikuwa uzazi.

Katika mtaa wetu, mama aliyejifungua hakuvuka kizingiti mpaka aoshwe kwa povu la mti, yeye pamoja na mtoto. Aliyempokea mtoto ndiye anayeosha, mwingine hawezi kumpokonya kazi. Kitovu kikianguka kinazikwa chini ya mti. Na mwenye sabuni, yaani yule ambaye matunda yametoka mkononi mwake, ndiye anayempa mtoto jina la nyumbani. Kanisani mtaandikisha mnachotaka, lakini jina la nyumbani ni lake. Ndiyo maana mtaa ulijaa akina Chileshe wadogo, na alipochoka na jina lake akaanza kugawa ya shangazi zake.

Na mama akisukumwa nje kabla ya kuoshwa? Aka! Uchafu wa uzazi unabaki mikononi mwa aliyemsukuma, na mikono hiyo haitabeba mtoto wake mwenyewe akiwa hai. Usiniulize kama ni kweli. Nakuambia watu waliamini, na baba yangu mwaka ule aliamini kuliko wote, kwa sababu mama alikuwa na mimba yangu.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja. Katanga ilikuwa imejitenga, ina bendera yake na pesa yake, na mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Watu waliokunywa munkoyo pamoja miaka na miaka wakaanza kuulizana wametoka wapi. Wakasai waliojenga hapa, waliozaa hapa, wakaambiwa ni wageni. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa. Wengi walijitwika magodoro wakakimbilia kambini, nje ya mji, kule askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa, walikokuwa wanalinda.

Jirani wa Chileshe alikuwa Adrien, karani wa stesheni, Mkasai. Walimpiga njiani akitoka kazini, akakimbilia kambini na damu yake kichwani, akitumaini mkewe atamfuata. Mkewe ndiye Mujinga, yule wa kwanza. Hakumfuata, kwa sababu uchungu ulimshika siku ileile. Chileshe akavuka barabara, akampokelea mtoto wa kike.

Asubuhi Mwape akaja na vijana wake. Alikuwa amevaa kofia ya kijeshi ambayo hakuna jeshi lililompa.

"Mama Chileshe," akaita kutoka barabarani, "ule mwanamuke wa Kasai atoke. Bwana yake iko kambini, amufuate."

Chileshe alikuwa anafagia mbele ya mlango wa Mujinga. Hakuinua hata kichwa. "Hajaoshwa."

"Basi umuoshe."

"Leo mugongo inaniuma."

"Kesho?"

"Kesho nayo itaniuma."

Wanawake waliokuwa wanateka maji kwenye robine, bomba la mtaa, walicheka, na Mwape akaondoka kama mtu mwenye shughuli nyingine. Lakini alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Mgongo wa Chileshe haukupona. Mara ulikuwa mgongo, mara mguu, mara ameota ndoto mbaya na mkunga aliyeota vibaya haoshi mtu. Siku moja Mwape uvumilivu ukamwishia.

"Mama, unacheza na mimi?"

"Miye ni muzee, siwezi kucheza. Weye uko na nguvu. Mulango haina funguo, ingia umuvute mukono umutoe." Akatema majivu chini. "Ingia basi, Mwape. Ngosa hajambo na mimba yake?"

Baba yangu akaitazama mikono yake. Akaiweka nyuma.

Siku nyingine akaja na kipande cha sabuni ya duka, kimefungwa vizuri kwenye karatasi. Akamwambia amwoshe na hiyo, yaishe. Chileshe akaifungua, akainusa, akamrudishia. "Hii ni ya kufulia kaputula yako. Uiweke, siku moja utaihitaji."

Basi akahamia kwenye mti. "Nitakata huu muti!" alipiga kelele. "Nakuapia nitaukata!"

"Kata. Shoka iko nyuma ya jiko." Chileshe aliketi kabisa kwenye kigoda ili aongee vizuri. "Lakini fikiri mbele, mutoto wangu. Pasipo muti, hakuna sabuni. Pasipo sabuni, Mujinga haoshwi. Asipooshwa, hatoki. Utakuwa naye hapa Katuba mupaka azeeke, na siku akikufa utamuzika weye mwenyewe. Kata!"

Lo! Wanawake walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Hata kijana mmoja wa Mwape aligeuka pembeni akiziba mdomo. Chileshe peke yake hakucheka. "Usitukane bakunga, Mwape," alisema. "Uzazi ingali iko."

Hivyo ndivyo alivyowashinda. Watu waliokuwa na marungu na minyororo ya baiskeli walishindwa na mama aliyesema mgongo unauma. Mimi nikifika hapa huwa nataka kuishia hapahapa, nipige makofi, niende nyumbani. Lakini mle ndani ya nyumba mambo hayakuwa ya makofi.

Mujinga alikuwa amekaa chumbani siku nyingi, madirisha yamefungwa, ananuka maziwa na jasho, anasikia sauti za wanaomtaka kila asubuhi. Mtoto hakuwa na jina. Adrien hakuwa amemwona. Siku moja Chileshe alipomletea bukari, ugali wetu, hakula.

"Mama, unioshe."

"Nikuoshe? Banakungoja inje pale! Siku nikikuosha ndiyo siku umekuwa yao. Hauone namna nabashinda?"

"Unabashinda weye," Mujinga alisema. "Miye niko ndani ya kifungo. Kama ni bale ndio balinifunga ao ni weye, kifungo ni kimoja."

Chileshe hakuzoea kujibiwa. Alikasirika, akatoka na bukari yake, akavuta sigara mpaka ikamchoma ulimi. Jioni akarudi, akaketi sakafuni karibu na mkeka.

"Bon," alisema. "Utatoka. Lakini utatoka siku yetu, haiko siku yao."

Siku yao ilikuwa Jumamosi: vijana walifanya mkutano njia panda, na Mwape alisimama juu ya pipa akihutubia. Chileshe aliichagua siku hiyohiyo. Aliwaita wanawake wote wa mtaa, wenyeji na Wakasai wachache waliobaki, akafungua uzio wake wazi. Akayaponda matunda, akalipandisha povu, akamwosha Mujinga nyuma ya mikeka, kuanzia kichwani hadi nyayo, taratibu, kama hakuna vita mahali popote. Akamwosha mtoto. Kitovu kikazikwa chini ya mti. Kisha yeye mwenye sabuni akatoa jina: Mumba, la mama yake mzazi.

Halafu akaingia ndani akatoa gunia. Lilikuwa na matunda makavu yote aliyokuwa ameyaokota msimu ule, yote, chungu cha chini ya kitanda kikabaki kitupu.

"Kambini beko bamama benye kuzaa," alimwambia Mujinga. "Banaoshwa na nini? Kamata. Tangu leo mwenye sabuni ni weye."

Wakatoka. Chileshe mbele na mguu wake, Mujinga amebeba mtoto, nyuma yao wanawake na vyombo vya Mujinga kichwani, sufuria, mashine ya kushona, godoro na lile gunia, wote wanapiga vigelegele. Hawakuzunguka kwa nyuma. Walipita njia panda, katikati ya mkutano.

"Mupishe!" Chileshe alipaza sauti. "Mumba anapita! Mumba wa Katuba anapita!"

Mwape akashuka kwenye pipa. "Mumba? Unapana jina ya kwetu kwa mutoto ya Kasai?"

"Jina ni ya mama yangu. Uliniomba nikakunyima?" Alimsogelea mpaka kofia ile ikawa juu ya uso wake. "Unisikie, na hawa batoto yako banisikie. Haumufukuze weye. Miye ndiye namusindikiza. Kitovu ya mutoto iko ndani ya udongo ya Katuba, na pale penye kitovu iko ndipo kwao."

Hakuna aliyewagusa. Vigelegele vilisikika mpaka walipokata kona, na mkutano ule haukuendelea, kwa sababu nani angesikiliza hotuba baada ya hapo?

Jioni Chileshe aliporudi kutoka kambini, mti ulikuwa chini. Mwape alikuwa ameukata. Ulikuwa umeangukia jiko na kulivunja, na matawi yalikuwa yamejaa uani mpaka mlangoni. Baba yangu amekufa, Mungu amrehemu, lakini kwa jambo hili nina hasira naye mpaka leo, na akinisikia huko aliko, asikie vizuri. Mti wenye vitovu vya mtaa mzima chini yake, na kitovu chake mwenyewe kimo! Na usidhani alikuwa amesahau mimba ya mama. Alipiga hesabu yake. Alijua chungu cha Chileshe hakijawahi kukosa matunda makavu, akajiambia yatamtosha Ngosa, kisha shauri ya wengine. Hilo gunia kichwani mwa mwanamke alidhani ni unga.

Chileshe hakulia. Aliketi juu ya gogo, akawasha sigara, akaigeuza moto ndani. Wanawake walikuja kumpa pole. Kuhusu chungu hakumwambia mtu.

Mimi nilizaliwa mvua zikiwa zimekolea. Watu walisema Chileshe hatakuja, na mama yangu alikuwa anatetemeka kwa hofu hiyo kuliko uchungu wenyewe. Alikuja. Mkunga haitwi akakataa. Alinipokea, akanikata kitovu, akanifunga, akamlaza mama vizuri. Kisha akanawa mikono kwa maji matupu na kuchukua kitambaa chake aende zake.

Mwape alimkuta mlangoni. "Mama, na kuosha?"

"Na nini?"

"Si ile ya chungu?"

Chileshe alikuwa amekuja nacho. Akakiinua, akakipindua chini juu. Hata vumbi halikudondoka.

Baba akakimbia ndani akarudi na kile kipande cha sabuni ya duka, bado kimo kwenye karatasi yake. Chileshe akakitazama. "Nilikuambia uiweke," alisema.

Hapo ndipo mama yangu, ambaye maisha yake yote aliongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, alipopiga kelele kutoka chumbani: "Sioshwi na sabuni ya kaputula! Mwape! Muti ulikata weye! Miye nitaoza humu ndani na mutoto wako, na weye utaniletea chakula dirishani!"

Mtaa mzima ulisikia. Baba akapiga magoti kwenye matope.

"Mama, nisamehe. Sabuni iko wapi?"

"Iko kambini. Iko na Mujinga. Enda umuombe."

"Bakiniona kule, bataniua."

"Ah," Chileshe alisema. "Kumbe unajua namna muntu anasikia."

Alimwacha hapo magotini akarudi kwake. Asubuhi alionekana ameshika fimbo, anavuta mguu wake kuelekea kambini kwenye mvua. "Naenda juu ya Ngosa na mutoto," alimwambia kila aliyemuuliza, ili habari zifike. "Haiko juu ya ile kofia."

Alimkuta Mujinga kwenye kibanda cha magunia na matope, Mumba mgongoni. Gunia lilikuwa limekwisha kwa wazazi wa kambini; yamebaki matunda ya kutosha kuosha mama mmoja na mtoto wake. Chileshe alieleza bila kupaka sukari: ni ya nani, nani alikata mti. Adrien, kovu bado liko kichwani, alisema wayatupe motoni. Mujinga aliyashika kifuani. Alilia kwa hasira, Chileshe alinisimulia, machozi ya hasira tupu.

"Mutoto hakushika shoka," alisema mwishowe. "Peleka. Lakini desturi ni desturi, mama. Mwenye sabuni ndiye mwenye jina. Nampa yangu."

Kwetu jina likishatolewa hutamkwa na baba, kama yupo, amesimama kizingitini, kwa sauti ya kufika barabarani, ndipo mama na mtoto wamwagiwe maji. Siku hiyo vijana wa Mwape walikuwa wamejaa uani, wamekuja kunywa munkoyo wa mtoto wa kiongozi. Chileshe alikuwa na beseni mikononi, povu limepanda jeupe. Akamnong'oneza jina.

Baba akageuka. "Hapana. Hiyo hapana."

"Basi namwaga chini."

"Mama, tafazali. Bitu bingine, jina ingine..."

"Povu inashuka, Mwape. Ikishuka imekwisha, na hakuna ingine. Taja."

Akataja, chini, ndevuni.

"Sisikii. Na barabara haisikii."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amenibeba, anamtazama. Povu lilikuwa limefika katikati ya beseni.

"Mujinga!" baba yangu alipiga kelele. "Mutoto wangu ni Mujinga!"

Kijana mmoja alidondosha kikombe. Chileshe akaingia, akatumwagia maji mimi na mama.

Mujinga yule na Adrien na Mumba walipelekwa Kasai kwa treni mwaka uliofuata, na sikuwahi kumwona mwanamke aliyenipa jina. Kanisani nilibatizwa Albertine. Baba akalishika hilo kama mtu aliyeokota pesa. "Albertine, leta maji! Albertine, njoo!" Mimi sikuitika. Nilipigwa, sikuitika. Nilikuwa nasimama pale na ndoo yangu mpaka aseme "Mujinga," na ng'ambo ya barabara Chileshe, kila akimsikia, alijibu kwa sauti, "Aksanti!" Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Miaka mingi ikapita. Nikaolewa, nikazaa, watoto wangu wakanipita urefu. Halafu kelele zikarudi Katanga. Vijana wengine, nyimbo zilezile, Wakasai watoke. Asubuhi moja wakafika na marungu mlangoni kwa baba, nilikokuwa nimerudi kumtunza. Mtu alikuwa amewaambia humu anaishi mmoja anayeitwa Mujinga.

Baba alikuwa mzee, haoni vizuri, anatembea akishika ukuta. Alifika mlangoni kabla yangu. Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ni Mbemba, waulize majirani, lakini alininyooshea mkono ninyamaze. Ilikuwa rahisi kusema, "Jina lake ni Albertine." Nilingoja aseme hivyo.

"Mujinga ni mutoto wangu," alisema. "Jina nilitaja mwenyewe, hapa nilisimama. Na hajaoshwa. Munanisikia? Hajaoshwa! Nani wenu iko na bibi mwenye mimba? Aingie kwanza, amuvute mukono."

Wakatazamana. Mmoja mwenye fulana ya njano akarudi nyuma hatua, akaiweka mikono yake mfukoni. Mwingine akasema mzee ana wazimu, twende. Wakaenda.

"Baba," nikamwambia, "mimi nimemaliza kuzaa zamani."

"Nyamaza, Mujinga," alisema. "Leta maji."

Nikaitika, nikaenda kuleta.